Vyaelea, Lakini Vimeundwaje?

Ukikaa Forodhani saa kumi na moja na nusu za jioni, ukayapa mgongo majiko ya mishikaki na kuelekeza uso baharini, utaviona vyombo vikiondoka kimoja kimoja kwenda kulisindikiza jua. Tanga jeupe, mito ya rangi, muziki kidogo, wageni wanane au kumi na simu zao mkononi. Pembeni vijana wa makachu wanaruka ukutani, wanapinduka hewani na kuingia majini kichwa chini. Kwa mtu aliyezaliwa hapa hii ni picha ya kila siku, wengi wetu hata hatuitazami. Mie ninaitazama. Tangu Julai 2024 natazama kitu kimoja tu: mstari wa maji ubavuni mwa chombo, kama umepanda.

Siku hiyo kusi lilikuwa linavuma, na mashua ya ami yangu ilikuwa inarudi kutoka kisiwa cha Changuu na wageni 9. Nahodha alikuwa mtoto wa ami, ambaye kwetu hatumwiti binamu, ni ndugu tu. Katikati ya safari mgeni mmoja aliinua miguu, akidhani amerukiwa na wimbi. Hakurukiwa na kitu. Maji yalikuwa yanatoka chini. Ndugu yangu akainua mbao za sakafu, akayakuta maji ya ngama yamefika yasipotakiwa kufika, na yanaendelea kupanda. Walifua maji kwa ndoo moja na kwa boksi la barafu lililokuwa na soda. Mashine haikuzima, alhamdulillahi. Wakafika ufukweni, wageni wakashuka huku wanacheka na kupigana picha, wakidhani ndiyo raha yenyewe ya kupanda chombo cha mbao. Ndugu yangu hakucheka. Alikaa mchangani na nguo zake zilizorowa mpaka ikaadhiniwa Magharibi.

Sisi ni watu wa visiwani. Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na Skagit ikazama 18 Julai 2012. Zile zilikuwa meli kubwa, zina visa vyao, na silinganishi msiba ule na boksi la barafu. Nasema tu kwamba Unguja na Pemba ukitamka "maji yameingia chomboni", hakuna anayeuliza ni maji kiasi gani. Wanauliza nani alikuwemo.

Chombo kilipandishwa juu na rangi ikakwanguliwa. Hapo ndipo makala haya yanapoanza hasa.

*

Ami ni mwalimu mstaafu. Mashua yake ya kwanza aliijengesha mwaka 2004 kwa fundi mzee, wa aina ile ambayo ukimpa kazi anakuuliza kwanza unataka chombo chako kikuzike au ukizike wewe. Mzee yule alinunua mbao, akazipanga kivulini, akatia vijiti katikati ili upepo upite, akaziacha. Ami anasimulia kwamba alikwenda mara tatu kuuliza kazi imefika wapi, na mara zote tatu alimkuta fundi anakunywa kahawa na mbao zimelala. "Zinafanya kazi hizo," mzee akimwambia. Zilikuwa zinakauka.

Msomaji asiyejua uundaji wa vyombo atavumilia maelezo kidogo. Kwanza unalazwa mkuku, ambao ndio uti wa mgongo. Kisha mbao za ubavu na mataruma, yaani mbavu, ambazo hutafutwa katika matawi yaliyopinda yenyewe msituni, kwa sababu tawi lililokua limepinda lina nguvu kuliko ubao ulionyooka ukakatwa kwa msumeno kuupa mpindo. Baada ya hapo ni kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta hugongwa kwenye kila mwanya baina ya ubao na ubao, taratibu, mpaka sauti ya nyundo ibadilike. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Rangi ni ya mwisho, na kwa mafundi wa zamani rangi ilikuwa kama kanzu ya sikukuu: huvaliwa na mwenye afya na mgonjwa pia, haikwambii lolote kuhusu mwili.

Mashua ile ilifanya kazi miaka 17. Ami aliiuza mwaka 2021, na mwaka uliofuata, alipopata kiinua mgongo chake chote, akaagiza mpya, ya starehe, ya kuchukua wageni. Futi 28, sawasawa na ile ya zamani. Mwaka 2018 alikuwa ameulizia chombo cha kipimo hicho hicho akatajiwa milioni 9 na nusu. Mwaka 2022 alilipa milioni 19.

Chini ya rangi ya milioni 19 tulikuta hivi. Mkuku ulioahidiwa kuwa wa mvule ulikuwa wa vipande viwili vilivyoungwa, kimoja mvule, kingine sijui mti gani. Mbao za ubavu zilikuwa za mwembe. Mwembe si mti mbaya, ngalawa zetu huchongwa kwa mwembe. Lakini huu ulipigiliwa ukiwa mbichi, ukakauka ukiwa tayari umeshikwa na misumari, ukanywea na kuachia nafasi. Misumari yenyewe ilikuwa ya kawaida ya kujengea nyumba, imeshaliwa na chumvi. Mataruma yalikatwa kwenye mbao zilizonyooka. Na kwenye mianya, ambako ilitakiwa pamba, sehemu nyingi palijazwa unga wa msumeno uliokandwa na gundi, ukalainishwa kwa msasa, ukapakwa rangi. Ulikuwa umelainishwa vizuri sana. Fundi yule ana mkono. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: ule uhodari wote ulitumika kuficha.

*

Tulikwenda kwake, ami, ndugu yangu na mie. Jina lake sitaliandika, wala la ufukwe wake, kwa sababu ambayo itaonekana mbele.

Hakukimbia. Alitukaribisha, akaagiza madafu, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mie nakuheshimu. Hebu nikuulize. Ulipokuja, ulitaka chombo kwa muda gani?"

"Miezi miwili," ami akajibu. "Msimu ulikuwa unaanza."

"Miezi miwili. Mbao kavu niitoe wapi kwa miezi miwili? Mvule unatoka bara, bei imepanda, na ukiupata una wenyewe wanaosubiri kutengeneza milango ya hoteli. Ulikuja mara ngapi kuangalia?"

Ami akanyamaza.

"Ulikuja mara mbili. Mara ya kwanza uliniuliza turubali. Mara ya pili uliniuliza mito itakuwa rangi gani. Hukuniuliza mkuku ni mti gani. Ungeniuliza, wallahi ningekwambia. Mie sikusema uongo."

Nilikuwa na daftari mkononi, kama kawaida yangu, na sikuandika kitu. Nilikuwa namtazama mashua nyingine iliyosimama nyuma yake, ya mvuvi wa kijiji kile kile, imefika nusu. Mbao zake zilikuwa kavu. Mataruma yake yalikuwa ya matawi yaliyopinda yenyewe. Pamba ilikuwa inaning'inia kwenye mianya kama ndevu. Nikamuuliza: na hii je?

Akacheka kidogo, kwa haya. "Huyu? Huyu anakuja kila alfajiri, anagonga ubao kwa ngumi. Halafu yeye analala humo baharini, bwana."

Fundi mmoja, ufukwe mmoja, wiki zile zile. Chombo cha kazi kinaundwa sawasawa, na kwa bei ndogo. Chombo cha starehe kinaundwa ovyo, na kwa bei kubwa. Tangu siku ile swali langu ni hili: je, fundi anawiwa na mnunuzi kitu zaidi ya kile mnunuzi alichojua kukiuliza?

*

Swali hili ni kongwe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu yake ya tatu akawasimamisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, wabishane. Mtu mwema anauza nyumba. Watu wanadhani ni nyumba nzuri, lakini yeye peke yake anajua kwamba nyoka huonekana vyumba vyote, kwamba mbao zake ni mbovu na inakaribia kuanguka. Asiposema, amefanya dhuluma?

Diogenes anasema hapana. Hakumlazimisha mtu kununua. Kunyamaza si kuficha. Antipater anasema ndiyo: kumwacha mnunuzi aingie kichwa kichwa katika hasara ni kama kukataa kumwonesha njia mtu aliyepotea, bali ni vibaya zaidi, maana unamwingiza kwenye upotevu kwa kujua. Cicero mwenyewe anamuunga mkono Antipater. Kwake, unyamavu unageuka ufichaji pale unapotaka, kwa ajili ya faida yako, wasijue kile unachokijua wewe wale ambao wangefaidika kukijua.

Fundi wetu, aliyesomea chuoni Qur'ani na ufukweni tezo, hajawahi kusikia habari za Diogenes. Lakini hoja ni ile ile, na kusema kweli ina nguvu. Mnunuzi ana akili zake. Mnunuzi alitaka haraka. Mnunuzi alipenda mito. Kwa nini mzigo wote abebe mtu anayeshinda juani na tezo mkononi, huku aliyekaa kivulini na pesa hataki hata kugonga ubao?

Nilikaa na hoja hiyo wiki nyingi. Kilichonisaidia kuivunja ni chombo cha zamani zaidi. Waliowahi kuingia Beit el Ajaib, kabla sehemu ya jengo lile haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watakumbuka kwamba uani palikuwa na mtepe. Ule uliundwa karne hii kwa mfano wa mitepe ya kale ya Pate na visiwa jirani, ambayo ilipotea pwani yetu karne iliyopita. Mtepe hauna msumari. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za usumba, na kila mshono uko wazi, mtoto anaweza kuuhesabu. Na mtepe ulikuwa unavuja! Mabaharia wake walifua maji safari nzima, ilikuwa sehemu ya kazi kama kukunja tanga. Lakini hakuna aliyepanda mtepe akadhani hauvuji.

Kwa hiyo tatizo si kuvuja. Fundi ana haki ya kuunda chombo cha mbao mbichi, kama mtu anakitaka na anajua anachokitaka. Anaweza kusema: "Mwalimu, kwa miezi miwili nitakupa mwembe mbichi, utadumu mwaka mmoja au miwili, uwe unaukagua kila wiki." Hiyo ni biashara halali. Lakini mtu anayetaka kunyamaza tu hahitaji msasa. Unga wa msumeno ulikandwa na gundi ili jicho lisione mwanya. Hapo hoja ya "hukuniuliza" inaanguka, kwa sababu mkono wake ulikwishajibu kabla hatujauliza, na ulijibu uongo.

Nimejitengenezea kipimo kidogo ambacho sasa nakitumia kwa mambo mengi: biashara hii ingesimama kama kila kilichomo kingesemwa kwa sauti? Ikiwa ingesimama, unyamavu ni adabu tu au uvivu. Ikiwa ingeanguka, basi kilichouzwa ni ule unyamavu wenyewe, na ndio uliotugharimu milioni 19.

*

Bado kuna jambo la bei. Wazee wetu walituachia kwamba rahisi huvunja upishi. Mtu anayenunua rahisi anajua, au anatakiwa kujua, kwamba kuna kilichopungua. Bei ilikuwa shahidi. Si shahidi mkamilifu, lakini ukimsikiliza alikuwa anakwambia kitu. Ami hakununua rahisi. Alilipa maradufu, na alilipa kwa sababu ya methali ile. Aliona ughali ndio bima yake.

Sababu za kupanda kwa bei si siri. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wageni walioingia Zanzibar walikuwa kama 260,000. Mwaka 2024 walipita 736,000. Kila mgeni anataka jioni moja ya jua na tanga. Kila mwenye akiba anataka mashua. Mafundi wa kweli ni wale wale wa zamani, na miti haikui kwa kasi ya ndege zinazotua Kisauni. Basi bei ikapanda. Lakini pesa iliyozidi haikwenda kwenye mbao kavu, ilikwenda kulipa haraka. Tulilipa zaidi ili tupate upesi, na upesi ndio uliokula ubora.

Nilidhani hili ni letu peke yetu, maradhi ya kisiwa kilichovamiwa na watalii. Nikamsimulia rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Ohio, Marekani. Akacheka mpaka nikakasirika. Kisha akanisimulia habari za tela lake.

Wamarekani wana matela ya starehe yanayovutwa nyuma ya gari: ndani kuna kitanda, jiko, choo, meza ya kulia. Familia inafunga tela, inakwenda kulala ziwani. Mengi yanaundwa eneo moja, Elkhart katika jimbo la Indiana. Wakati wa korona, watu waliochoka kufungiwa ndani waliyakimbilia, na mwaka 2021 magari na matela ya namna hiyo yaliyotoka viwandani yalipita 600,000, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa. Bei zikapanda. Katika viwanda vingi vya huko mfanyakazi hulipwa kwa idadi anayomaliza, si kwa saa anazokaa. Akimaliza mapema anakwenda nyumbani mapema. Rafiki yangu alinunua lake mwaka 2022, jipya, kwa mkopo. Mvua ya pili ikapita kwenye kiungo cha paa, ambako gundi ya kuzibia ilipakwa kwa juu tu, ukuta ukavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alipolirudisha akaambiwa asubiri zamu, akasubiri miezi mitano, majira yote ya joto, tela liko uani kwa muuzaji na yeye analilipia mkopo. Mwaka 2023 yaliyotoka viwandani yakashuka mpaka kama 313,000.

Tazama yanavyofanana. Kitu cha starehe. Mnunuzi mwenye furaha, ambaye akili yake imeshafika ziwani. Kiungo kisichoonekana. Fundi anayelipwa kwa kumaliza. Si umaskini wetu, basi, wala si kwamba Waswahili tumekosa uaminifu. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza mtambo wake kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel: pale muuzaji anapojua na mnunuzi hajui, mnunuzi hulipa bei moja kwa kizuri na kibovu, na mwenye kizuri, akiona hathaminiwi, anatoka sokoni. Yule fundi mzee aliyeziacha mbao zilale ametoka sokoni. Siku hizi anachonga vijahazi vya urefu wa mkono, vya kuwekwa mezani, anawauzia watalii. Anasema hivyo angalau havitamzamisha mtu.

Lakini mtambo wa Akerlof unaeleza tu kwa nini watu hufanya hivyo. Hauwasamehi. Chombo cha starehe kina udhaifu wake wa kimaadili: anayekipanda harudi. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa leo hafiki siku ya tatu, na hivyo haoni tulivyo. Mvuvi anarudi kila alfajiri na ngumi yake. Basi uaminifu wa fundi ulifuata ngumi. Mie siwezi kuukubali uaminifu wa namna hiyo kuwa ndio uaminifu, kwa sababu ndani ya kile chombo cha wageni, kila siku, safari mbili, alikuwemo ndugu yangu. Fundi alisahau kwamba hata starehe ina mtu anayeifanyia kazi.

*

Sasa sehemu yangu.

Kwa nini ami alikwenda kwa fundi yule? Kwa sababu aliusoma ufukwe ule gazetini mwanzoni mwa 2022, na aliyeandika ni mie. Nilikwenda asubuhi moja, nikalipiwa nauli na chakula cha mchana, nikapiga picha tezo na mikono yenye suguru, nikaandika kwamba kazi ya mikono ya mafundi wetu haina mpinzani. Nilitumia ile methali: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sikuuliza vimeundwaje. Sikugonga ubao hata mmoja. Makala yangu yalikuwa rangi. Wazee wana neno jingine, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mie ndiye niliyekitembeza. Ndiyo maana silitaji jina la fundi: ningelitaja, haki ingenitaka niliweke na langu pembeni yake, na la kwangu ndilo lililokuwa na wasomaji.

Ingekuwa yameishia hapo, ningesema nimejifunza. Hayakuishia hapo.

Mashua tuliitengeneza. Mbao tatu zilibadilishwa, ikapigwa kalafati upya, ikapakwa rangi. Mataruma yalibaki yale yale, maana kuyabadilisha ni kuunda chombo kipya. Mwezi wa tatu akaja mtu kutoka vijiji vya kusini, anatafuta mashua ya kupeleka wageni kwenye fungu la mchanga. Akaizunguka, akaipenda, akasema atatoa milioni 14. Aliuliza mashine ni ya mwaka gani. Aliuliza mito inakuja na chombo au anunue yake.

Nikamvuta ami pembeni, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema: "Ami, usiseme mpaka aulize."

Nilikuwa na sababu zote. Kiinua mgongo kimekwenda. Mkewe alikuwa ameuza bangili zake kununulia mashine. Ndugu yangu ana watoto wawili. Na chombo hakivuji sasa, kwa leo.

Ami hakunijibu kwa hasira. Alinisimulia tu kisa ambacho sote tulifundishwa utotoni, nadhani alidhani nimekisahau, na kweli nilikuwa nimekisahau: Mtume, rehma na amani zimshukie, alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu, watu wakauona. "Hakuulizwa kwa nini nafaka imerowa," ami akasema. "Mvua ni mvua. Aliulizwa kwa nini iko chini."

Kisha akachukua patasi, akamwita yule bwana, wakaingia wote wawili chini ya chombo. Nilisikia rangi inakwanguliwa. Nilisikia ami anasema, kwa sauti yake ya darasani, "Hii hapa, na hii, na hii."

Yule bwana aliondoka bila kusema neno. Wiki moja baadaye alirudi na fundi wake na kipande cha chaki, wakayahesabu mataruma mabovu moja moja, wakapatana milioni 6. Ami amepoteza milioni 13. Mkewe hakusema naye siku tatu, na simlaumu hata chembe. Lakini katika kisa hiki kizima, milioni 9 na nusu, 19, 14, ni ile milioni 6 peke yake iliyokuwa bei iliyosema kweli kuhusu kile chombo.

Nilimwomba mhariri wangu wa zamani tuchapishe masahihisho ya makala ya 2022. Akaniambia imepita miaka, nani anakumbuka. Basi nayaandika hapa: nilisema kazi haina mpinzani, na sikuangalia chini ya rangi.

Ndugu yangu bado yuko baharini, sasa ni baharia kwenye mashua ya watu. Jana nilimwona wakiondoka Forodhani, wageni kumi, jua limeshaanza kuwa jekundu. Kabla ya kufungua kamba alipiga magoti, akainua ubao wa sakafu, akatia mkono chini, akautoa na kuutazama. Mgeni mmoja akampiga picha. Sijui alidhani ni nini, pengine mila yetu ya kuanza safari.